Kuchora Nasaba ya Makabaila wa Ayalandi Waliooana Wenyewe kwa Wenyewe: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwaka jana mwanafunzi mmoja wa historia alinijia na karatasi iliyojaa mishale na alama za kuuliza. Alikuwa akiandika tasnifu kuhusu mashamba ya walowezi kandokando ya Ziwa Elmenteita, na alitaka kujua Galbraith Cole, mlowezi aliyefariki mwaka 1929, alikuwa mtoto wa nani huko alikotoka. Alidhani ni kazi ya mchana mmoja. Ilituchukua wiki sita, kwa sababu Galbraith, nduguye Berkeley na dada yao Florence, aliyeolewa na Lodi Delamere mwaka 1899, walikuwa watoto wa Eli wa nne wa Enniskillen. Ukigusa jina hilo moja umegusa tabaka zima la wamiliki wa ardhi wa Ayalandi: Waprotestanti ambao wengi wao mababu zao walitoka Uingereza na Uskoti, wakawa wakiozana mabinti kizazi baada ya kizazi hadi kila nyumba kubwa ikawa na udugu na nyingine. Ninaandika hatua tulizozifuata, nikitumia familia tulizokutana nazo kama mifano.

Hatua ya kwanza: anza chini, panda juu

Anza na mtu ambaye tarehe zake una hakika nazo, kisha panda kizazi kimoja kimoja. Anayeanza na babu maarufu akishuka chini humfikisha babu huyo popote anapotamani.

Hatua ya pili: vifaa

Karatasi kubwa, penseli, kifutio, na programu ya Gramps, ambayo ni ya bure na hukaa ndani ya kompyuta yako. Ninaipendelea kwa sababu inakuruhusu kumpa mtu mmoja majina kadhaa na kila jina tarehe yake, jambo ambalo utaliona umuhimu wake katika hatua inayofuata. Siungi mkono tovuti zinazokuhimiza kubonyeza mahali pamoja ukaunganisha mti wako na wa mtu usiyemjua. Kosa la mtu mmoja hunakiliwa na watu mia, kisha wingi wa nakala ukachukuliwa kuwa ushahidi.

Hatua ya tatu: tenganisha mtu, jina la ukoo na cheo

Hapa ndipo tulipokwama, na hapa ndipo nitakaa zaidi.

Vyeo vya makabaila hawa vina ngazi tano kutoka juu kwenda chini: duki, markizi, eli, vaikaunti na baroni. Cheo si jina la ukoo. Eli wa Enniskillen ni wa ukoo wa Cole, Eli wa Longford ni wa ukoo wa Pakenham, na Eli wa Belmore ni wa ukoo wa Lowry-Corry. Tena mtu mmoja hupanda ngazi akiwa hai. William Willoughby Cole alirithi ubaroni wa Mount Florence kutoka kwa babake, akawa Vaikaunti wa Enniskillen mwaka 1776, kisha Eli mwaka 1789. Ukisoma barua tatu za vipindi vitatu tofauti utadhani wanatajwa wanaume watatu. Zaidi ya hayo, mrithi wa eli huyo huitwa Vaikaunti Cole kwa heshima tu wakati babake angali hai, kwa hiyo “Lodi Cole” wa mwaka mmoja si “Lodi Cole” wa miaka thelathini baadaye. Kanuni yangu ni kuwa katika mti haliandikwi jina la cheo pekee. Andika jina la kuzaliwa kwanza, halafu kila cheo na mwaka kilipoanza.

Kisha yako majina ya ukoo yanayobadilika, na sababu yake karibu kila mara ni ardhi. Mtu asiye na mtoto humwachia mali ndugu wa mbali kwa sharti kwamba alichukue jina lake. Richard Colley alirithi mashamba ya binamu yake mwaka 1728, akajiita Wesley. Wajukuu zake wakabadilisha maendelezo kuwa Wellesley, na mmoja wa wajukuu hao ndiye Arthur, Duki wa Wellington. Kaka yake Arthur, William, alirithi mali ya ukoo wa Pole mwaka 1781, akawa Wellesley-Pole. Mwanawe William akamwoa Catherine Tylney-Long, tajiri wa kupindukia, mwaka 1812, akaishia kuitwa Pole-Tylney-Long-Wellesley. Hao wote ni mlango mmoja, damu moja kuumeni.

Mfano ulionitesa ni wa Edward Michael Conolly wa Castletown, ile nyumba kubwa ya mawe katika kaunti ya Kildare iliyoanza kujengwa mwaka 1722. Nilimtafuta miongoni mwa watoto wa akina Conolly kutwa nzima nisimpate, na haikuwa ajabu kwa kuwa hakuzaliwa Conolly. Alizaliwa Pakenham. Mwenye nyumba, Thomas Conolly, alifariki mwaka 1803 bila mtoto. Mjane wake Louisa alipofariki mwaka 1821, mali ikamfikia mjukuu wa dada yake Thomas, naye akalichukua jina la nyumba. Tangu siku hiyo, nikiona mali imepita kwa watu wawili wenye jina moja, siwaandiki kuwa baba na mwana mpaka nijue kila mmoja alizaliwa akiitwa nani.

Tahadhari ya mwisho katika hatua hii ni aibu yangu binafsi. Nilipoteza siku mbili nikimtafuta Eli wa kwanza wa Longford wa ukoo wa Pakenham. Eli wa pili nilikuwa naye: Thomas, kaka yake Kitty Pakenham, yule aliyekuja kuwa mke wa Wellington. Lakini baba yao, aliyefariki mwaka 1792, vitabu vyote vinamtaja kuwa Baroni wa pili, wala hakuna mahali anapoitwa eli. Nikaamua kwamba ni kosa la uchapaji, nikachora kisanduku kitupu na kuandika ndani yake “Eli wa 1, mwanamume, hajulikani”. Mwanafunzi wangu, ambaye hadi leo hajaniacha nikasahau, ndiye aliyeuliza kwa nini lazima awe mwanamume. Wa kwanza alikuwa nyanya yao, Elizabeth Cuffe, mjane wa Baroni wa kwanza, aliyepewa cheo hicho mwaka 1785 kwa haki yake mwenyewe. Alikuwa wa uzao wa ukoo wa Aungier, ambao uliwahi kuwa na cheo cha jina hilo hilo kabla hakijakoma. Kwa kuwa mwanawe alimtangulia kufa, alipofariki mwaka 1794 cheo kikamrukia mjukuu. Kwa hiyo namba za vyeo zihesabu, lakini usizipe jinsia.

Hatua ya nne: fuata majina ya kwanza kukeni

Familia hizi zilikuwa na desturi ya kumpa mtoto jina la ukoo wa mama au la bibi likawa jina lake la kwanza, na desturi hiyo ni neema kwa mtafiti. Kwa nini mlowezi wa Elmenteita aliitwa Galbraith? Panda vizazi vitano utamkuta Galbraith Lowry-Corry, ambaye binti yake Anne aliolewa mwaka 1763 na yule William Willoughby Cole. Mtoto wao mmoja, Sir Galbraith Lowry Cole, alikuja kuwa jenerali chini ya Wellington, na majina yake yote mawili ya kwanza ni ya babu mzaa mama. (Jenerali huyu alimposa Kitty Pakenham, lakini mwaka 1806 Kitty akaolewa na Wellington mwenyewe. Baada ya hapo wakapigana vita pamoja nchini Hispania bila kugombana, angalau kwa kadiri nyaraka zinavyoonyesha.) Vivyo hivyo kaka yake Kitty aitwaye Hercules hakupewa jina hilo kwa kupenda hadithi za Wagiriki, babu yake mzaa mama alikuwa Hercules Langford Rowley. Na “Michael” katika Edward Michael Conolly linatoka kwa Michael Cuffe, babake Elizabeth.

Jina kama hilo ni fununu tu. Linakuonyesha mlango wa kubisha, na bado utahitaji hati.

Hatua ya tano: hati zilizonusurika

Tarehe 30 Juni 1922 Ofisi ya Kumbukumbu za Umma ya Dublin, iliyokuwa ndani ya eneo la Four Courts, yaani majengo ya mahakama kuu, iliungua katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ziliteketea wosia za karne nyingi, rejesta nyingi za parokia za Kianglikana na karibu sensa zote za 1821 hadi 1851. Usikate tamaa, kwa maana makabaila waliandika mno kiasi kwamba moto mmoja haukuweza kuwamaliza.

Anza na muhtasari wa Sir William Betham, ambaye kabla ya moto huo alipitia wosia za kabla ya mwaka 1800 na kunakili kutoka kila mmoja majina ya jamaa waliotajwa. Baada yake nenda kwenye Ofisi ya Usajili wa Hati, iliyoanzishwa Dublin mwaka 1708 na isiyoungua. Mimi naipenda kuliko zote, kwa sababu humo mna mikataba ya ndoa. Bibi harusi alikuja na fungu la fedha kutoka kwao (kinyume cha mahari yetu), kwa hiyo baba wa pande zote mbili waliweka sahihi, na wajomba na ami wakasimama kuwa wadhamini. Hati moja inaweza kukupa watu wanane na udugu wao. Kasoro ni kwamba faharasa ya majina imepangwa kwa yule anayetoa mali, si anayepokea. Usipompata bwana harusi, mtafute babake, halafu baba wa bibi harusi. Picha za faharasa na za madaftari zinapatikana bila malipo kupitia FamilySearch, tovuti ya nasaba, ukishajisajili.

Kwa karne ya 19 kazi ni nyepesi: ndoa zisizo za Kikatoliki zilianza kusajiliwa na serikali mwaka 1845, na vizazi, vifo na ndoa zote mwaka 1864. Sensa za 1901 na 1911 zipo kamili mtandaoni.

Hatua ya sita: kalenda

Kabla ya mwaka 1752 mwaka ulianza tarehe 25 Machi. Februari 1731 ya hati ni Februari 1732 kwetu. Andika 1731/2 uendelee.

Hatua ya saba: andika udugu kwa maneno yetu

Katika barua za karne ya 18, neno lao la kaka humfunika pia shemeji, na neno moja la binamu hubeba kila aina ya jamaa. Kiswahili kina maneno mengi zaidi, nasi tuliyatumia kwenye mistari ya chati. Dada wawili wa Thomas Conolly, Caroline na Harriet, walizaa mabinti. Emily, binti wa Caroline, aliolewa na mwanasiasa Castlereagh mwaka 1794. Louisa, binti wa Harriet, aliolewa na Admirali Thomas Pakenham. Kwa Kiingereza wake hao ni mabinamu tu. Sisi tuliandika kuwa ni watoto wa mama mkubwa na mama mdogo, na papo hapo mtu anajua kwamba uhusiano unapita kwa wanawake.

Mtu anayefikiwa na mistari zaidi ya mmoja mpe namba moja tu, usimchore mara mbili. Kwenye chati yetu Edward Michael Conolly ni namba 41. Mstari mweusi unamshukia kutoka kwa Admirali Pakenham, mwekundu kutoka kwa Louisa mamake, na wa nukta, wa urithi wa mali, kutoka Castletown. Pembeni, kwa penseli ya mwanafunzi wangu, imeandikwa “mtoto wa ami yake Kitty”.