Bomba la kufurika kwa tangi la samaki: weka mawili
Bomba la kufurika hushusha maji kutoka tangi la samaki hadi tangi la chini, na pampu huyarudisha juu. Bomba moja likizibwa na konokono au jani, pampu huendelea kusukuma na maji huishia sakafuni. Kwa tangi la lita 200 hadi 300, weka mawili ya PVC, inchi 1 kila moja: kuu na la dharura.

Kila bomba hupita kwenye tundu la kioo. Kioo kilichoimarishwa kwa joto hakitobolewi kabisa, kitasambaratika. Kwa kioo cha kawaida tumia biti ya almasi, polepole, huku ukimwagia maji. Kutoka tundu hadi ukingo wa kioo acha nafasi isiyopungua kipenyo cha tundu. Washa ya mpira (pete ya kuzuia maji kuvuja) ikae upande wa maji. Nati ya kiungo cha bomba kaza kwa mkono, kisha robo mzunguko tu.

Kinywa cha bomba la dharura kikae juu kidogo ya usawa wa maji, chini ya ukingo wa tangi. Usiliwekee koki kamwe. Kinywa cha bomba kuu kizame, kivikwe kichujio, na bomba lipate geti valvu (koki ya kupunguza maji kidogo kidogo): ibane taratibu hadi mlio wa hewa ukome. Ncha ya chini ya bomba hili izame sentimita 2 hivi tu kwenye maji ya tangi la chini. Ikizidi, hewa iliyonaswa huzuia maji kushuka.

Zima pampu ujaribu: tangi la chini lipokee maji yote yanayorudi bila kufurika.