BMW M3 E46: piga hesabu kabla hujatoa pesa

M3, gari la BMW la mwendo kasi, ya kizazi kinachoitwa E46 ilitoka kiwandani kati ya 2000 na 2006, kwa hiyo hata lile gari changa kabisa limeshakula chumvi. Mwenye nalo ama amefanya matengenezo yaliyotakiwa, ama anakuuzia pamoja na madeni yake, yaani kazi zilizoachwa bila kufanywa. Bei ya kwenye tangazo haikuambii ni lipi kati ya hayo. Hesabu hii ndiyo itakayokuambia.

Hatua ya 1: Jua ni M3 ipi

Injini ya toleo la kawaida ni S54: silinda sita, cc 3,246, nguvu ya farasi 343 kwa magari ya Ulaya na 333 kwa ya Marekani. Bei inatofautishwa na bodi na giaboksi. Kupe, yaani ya milango miwili na paa la bati, yenye gia sita za mkono ndiyo inayoshika bei. La paa la turubai huwa chini yake, na la SMG pia, yaani lile lisilo na pedali ya klachi, ambalo gia zake hubadilishwa na pampu ya haidroliki. CSL, toleo maalumu lililopunguzwa uzito, ina soko lake, usiitumie kulinganisha.

Utakutana na SMG zilizogeuzwa kuwa za mkono. Zinaendesheka vizuri, ila usilipe bei ya gari lililozaliwa hivyo. Namba ya chesisi itakuonyesha lilivyotoka kiwandani.

Hatua ya 2: Soma risiti kwanza, injini baadaye

Panga risiti kwa tarehe, na kando ya kila moja andika kilomita. Kisha tafuta kazi tatu: kupima valvu, beringi za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na kranki) na sakafu ya nyuma.

Nafasi za valvu za S54 hazijirekebishi zenyewe. Za valvu zote 24 hupimwa injini ikiwa baridi: milimita 0.18 hadi 0.23 upande wa kuingiza hewa, 0.28 hadi 0.33 upande wa kutoa moshi. Risiti iliyoandikwa “sevisi kubwa” tu, bila neno valvu, ihesabu kama kazi haikufanyika. Kuhusu beringi, BMW yenyewe iliyaita magari ya miaka ya mwanzo ili kuzibadilisha. Muuzaji akijitetea kwa hilo, mwulize gari limetembea kilomita ngapi tangu siku hiyo.

Hatua ya 3: Andika deni la matengenezo

Anza na sakafu, maana ndiyo inayoweza kuvunja biashara. Difu na mikono ya nyuma vimeshikwa na fremu ndogo iliyofungwa kwenye bati la bodi kwa nguzo nne. Kila ukikanyaga mafuta au kuachia, difu hupindua fremu hiyo, na bati ni jembamba. Nyufa huanzia kwenye nukta za kulehemu, kisha hutambaa kuzunguka nguzo.

Nyanyua gari, ukiweza toa na mazulia ya buti. Mulika kwa tochi kuzunguka kila nguzo. Rangi iliyopasuka kama uzi ni dalili tosha. Lami mpya iliyopakwa sehemu hiyo tu ni dalili mbaya zaidi: mtu ameficha kitu. Dawa ni kushusha fremu na kulehemu mabati ya kuimarisha. Kujaza povu gumu peke yake hakushoni bati lililokwisha kupasuka. Gari lililoimarishwa, likiwa na picha za kazi kabla na baada, lilipie zaidi bila kusita.

Beringi za konrodi ni vipande 12 na boliti mpya. Hubadilishwa kwa chini baada ya kushusha fremu ya mbele na sampo, yaani bakuli la oili. Kama huna uhakika, peleka oili maabara: risasi na shaba zikiwa juu, beringi zinaliwa.

VANOS ni mfumo unaobadilisha majira ya kamshafti, yaani shafti zinazofungua valvu. Vijino vya kitovu cha kamshafti ya moshi, vinavyozungusha pampu ya VANOS, huweza kukatika na kuangukia kwenye mnyororo. Gari likiwa limesimama huku injini inawaka, na likigongagonga kwa mbele ya injini, weka kazi hiyo kwenye deni.

Hatua ya 4: Gharama za kila mwaka

Oili ni lita 5.5 za 10W-60, si nyingine. Fluidi ya breki kila miaka miwili. Tangi la maji, mipira yake na rejeta vihesabu kama vitu vya kubadilisha kwa umri, kwani plastiki hupasuka hata gari likilala. Matairi ya inchi 18 ni 225/45 mbele na 255/40 nyuma. Ya nyuma huisha haraka. Ongeza bima, kodi, mafuta na mahali pa kulaza gari.

Hatua ya 5: Linganisha

Bei ya kununua + deni + gharama za miaka yote − bei ya kuuza, kisha gawa kwa miaka.

Tuseme gari la kwanza ni 100, deni 5, gharama 8 kwa mwaka, na baada ya miaka mitatu linauzwa 99. Jumla 30, yaani 10 kwa mwaka. La pili ni 75, deni 30, gharama zile zile, linauzwa 90 kwa sababu historia yake ina mashimo. Jumla 39, yaani 13 kwa mwaka. Hilo la “bei poa” ndilo ghali.

Kazi ya sakafu hurudisha sehemu ya pesa yake siku ya kuuza. Rimu zisizo za kiwandani, springi fupi na egzosi ya kelele hazirudishi kitu. Ukishindwa kujizuia, hifadhi vya kiwandani, kwa sababu mnunuzi ajaye ataviulizia. Na kilomita chache mno zisikulevye: mipira na bushi huzeeka gari likiwa limefunikwa, na deni lake huja lote kwa mkupuo mwaka wa kwanza linapoanza kutembea.