Somo: Kutoa na kuchukua mtoto wa paka, pamoja na gharama ambazo watu hawazihesabu

Tangu mfungo wa Ramadhani umalizike nimeulizwa swali moja na watu wasiopungua tisa, wengine kwa simu, wengine wakinisimamisha nikitoka sokoni Mgandini, hapa Tanga, na kikapu mkononi: "Mwalimu, una watoto wa paka? Unauza shilingi ngapi?" Nimechoka kulijibu vipande vipande, kwa hiyo naliandika mara moja, na atakayeniuliza tena nitamwelekeza hapa. Nimefuga paka kwa miaka 14, sijauza hata mmoja, wala simlaumu anayeuza. Ninachokilaumu ni kutoa au kununua bila kuhesabu.

Hatua ya 1. Andika tarehe waliyozaliwa. Kama umewaokota, kumbuka kwamba macho yao hufumbuka kati ya siku ya 7 na ya 14.

Hatua ya 2. Wape dawa ya minyoo ya paka, kwa uzito waliopimwa, si kwa kukisia.

Hatua ya 3. Ngoja wafikishe angalau wiki 8.

Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo nitakawia kidogo. Miaka sita iliyopita alikuja kwangu kijana mwenye duka la nafaka, mpole lakini mwenye haraka, akamtaka yule wa kijivu, ambaye wakati huo alikuwa na wiki 5. Nilikuwa nimemwona akilamba mchuzi wa dagaa kisahanini, nikajiaminisha kwamba ameshaacha ziwa, ilhali usiku alikuwa bado ananyonya huku akilikandakanda tumbo la mama yake. Nikampa. Siku ya tatu asubuhi nikapigiwa simu kwamba paka amelegea. Nilimkuta amelazwa juu ya gunia tupu, na pembeni yake bakuli la maziwa ya ng'ombe lililokwisha kutanda utando. Alikuwa anaharisha tangu usiku wa kwanza, na kila alipoharisha aliongezwa maziwa ili apate nguvu. Niliifinya ngozi ya mabegani kwa vidole viwili kisha nikaiachia, nayo haikurudi, ikabaki imesimama kama pindo la kanga iliyotiwa wanga. Fizi zake zilikuwa nyeupe na zinanata. Alikufa kabla ya adhuhuri, na aliyechimba shimo ni yule kijana, ambaye hakuwa na kosa ila kuniamini mimi.

Kwa hiyo shikeni haya. Wiki 8 ndiyo chini kabisa; mimi siku hizi nangoja 12, kwa sababu katika muda huo ndipo mtoto anapojifunza kwa ndugu zake kuuma bila kujeruhi na kuficha makucha, na anayetolewa mapema mara nyingi ndiye anayekuja kuwa paka wa kung'ata mikono ya watoto, mpaka watu wakamtupe kwenye soko la samaki la Deep Sea wakidhani wamemfanyia hisani. Maziwa ya ng'ombe si chakula chake, kwa kuwa paka wengi hawawezi kusaga sukari iliyomo. Mpe maji safi. Akiharisha naye hajafikisha miezi mitatu, usiseme utamtazama kesho. Wala usimpe dawa ya binadamu ya kutuliza maumivu: kidonge kimoja cha parasetamoli chatosha kumuua paka mzima.

Hatua ya 4. Mhoji anayemtaka. Nani atamlisha ukisafiri kwenda Lushoto wiki mbili? Mwenye nyumba ameridhia? Nyumbani au dukani mnatumia sumu ya panya? Mtu anayekasirika kwa kuulizwa amekwisha kujibu.

Hatua ya 5. Gharama. Mimi sitaki fedha, nataka risiti. Anayemchukua hulipa mwenyewe kwa daktari wa mifugo, na siku anaponiletea karatasi ndiyo siku ninapompa paka. Daftari langu linaonyesha nilivyotumia kwa jike wa mwisho niliyembakiza: dawa ya minyoo kwa vipindi vyote, 8,000, chanjo, pamoja na ile ya kichaa cha mbwa, 45,000, kufunga kizazi, 80,000, tenga na beseni la mchanga, 14,000. Jumla ni shilingi 147,000, na hapo hajala. Dagaa wa shilingi 500 kwa siku ni 182,500 kwa mwaka. Bei hizo ni nilizolipa mimi, kwako zaweza kupanda au kushuka, ila ukiona hesabu yenyewe inakutisha, ni afadhali ikutishe leo kuliko baada ya miezi mitatu.

Hatua ya 6. Msafirishe ndani ya tenga lililofunikwa kwa kitambaa chepesi, si ndani ya kiroba.

Hatua ya 7. Mweke chumba kimoja kwa wiki 2 au 3 kabla ya kumfungulia uani, la sivyo atapotea akitafuta alikotoka.

Hatua ya 8. Mpeleke mama yake akafungwe kizazi. Paka hubeba mimba kwa takriban siku 63 hadi 65, tena aweza kushika nyingine kabla hajamaliza kunyonyesha, na binti yake aweza kuanza joto akiwa na miezi minne tu. Anayegawa watoto kila mwaka na kuiruka hatua hii asijiite mpenda paka mbele yangu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mchuuzi wa Ngamiani: Mwalimu, stoo yangu imejaa panya. Nahitaji wawili haraka, umri kwangu si tatizo.

Jibu: Umri ni tatizo kwa paka. Soma hatua ya 3. Sumu umeweka?

Mchuuzi wa Ngamiani: Kidogo tu, pembeni kule.

Jibu: Basi sikupi. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, na panya aliyeila hafi siku ile ile. Huzunguka siku kadhaa akiwa amelegea, na huyo ndiye atakayekamatwa na paka kwanza. Ondoa sumu, ziba matundu, kisha tuzungumze.

Binti wa Raskazone: Shikamoo Mwalimu. Kuna mtu wa Dar es Salaam anatangaza mtoto wa paka wa Kiajemi kwa 350,000. Anataka nusu itangulie, kisha amtume kwa basi. Ninunue?

Jibu: Marahaba mwanangu, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kutuma. Usitangulize hata shilingi kwa mnyama ambaye hujamwona. Mwambie unataka kumwona akiwa pamoja na mama yake, mahali wanapolala. Asiyekubali, ama hana paka, ama anao na hataki uone wanavyoishi. Pia fikiri juu ya aina yenyewe. Wale wenye nyuso bapa hupumua kwa shida, macho yao hutoka machozi ya kufutwa kila siku, na joto letu la Tanga la mwezi wa Februari huwaelemea. Katika ukoo wa paka wa Kiajemi upo pia ugonjwa wa kurithi ambao mafigo hujaa vifuko vya maji, na huweza kuchukua miaka kabla haujaonekana. Manyoya nayo yachanwe kila siku. Kama baada ya hayo bado unamtaka, mfuate mwenyewe hadi huko.

Msomaji wa Sahare: Bei gani?

Jibu: Hatua ya 5.

Abuu Zubeir: Mwalimu, nimesikia kuuza paka ni haramu. Je, hii risiti yako si kuuza kwa mlango wa nyuma?

Jibu: Ni swali la haki. Katika Sahih Muslim imo hadithi ya Jabir inayokemea thamani ya mbwa na paka. Wanazuoni wengi, akiwemo Imam Nawawi wa madhehebu yetu ya Kishafii, wamejuzisha kumuuza paka wa kufugwa, wakalifahamu lile katazo kuwa ni la kuwazoesha watu kupeana. Wapo pia waliolichukua kwa dhahiri yake wakaharamisha. Mimi si mtu wa kutoa fatwa, na ndiyo maana fedha haipiti mkononi mwangu. Risiti ni malipo ya daktari kwa kazi yake. Lakini nakuomba ukumbuke pia hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Hadithi ile haitaji kama alimnunua au alipewa.

Mama Pacha, Chumbageni: Mwalimu, niliambiwa paka wa rangi tatu lazima ni jike. Kweli au maneno ya baraza tu?

Jibu: Karibu kweli kabisa, Mama Pacha, na sababu yake inapendeza. Chembe ya urithi inayoamua kama manyoya yatakuwa ya chungwa au meusi ipo kwenye kromosomu X. Jike ana X mbili, kwa hiyo anaweza kubeba rangi zote mbili, na nyeupe huongezwa na chembe nyingine. Dume wa kawaida ana X moja, hivyo hupata moja tu. Madume wachache wa rangi tatu wanaozaliwa huwa na X ya ziada, na kwa kawaida ni tasa. Kwa paka wa rangi nyingine, inua mkia utazame: kwa jike matundu mawili yako karibu na la chini ni kama mstari mdogo, kwa dume yameachana na la chini ni nukta.

Mama Pacha, Chumbageni: Ahsante. Na vichwa vya samaki vibichi je? Wangu ndicho anachokililia.

Jibu: Vichemshe, utoe miiba mikubwa. Samaki wengine wakiliwa wabichi kila siku humpunguzia paka vitamini B1, akaanza kuyumba. Na usimmiminie mabaki ya mchuzi, kwa sababu vitunguu ni sumu kwake hata vikiwa vimepikwa.

Mchuuzi wa Ngamiani: Mwalimu, sumu nimeizoa yote, na matundu fundi ameyaziba kwa saruji leo asubuhi. Picha nimekutumia.

Jibu: Nimeiona. Tundu la chini ya mlango limebaki, lizibe nalo. Ninao ndugu wawili, dume na jike, wana wiki 9. Njoo Jumamosi uwatazame, ila utaondoka mikono mitupu mpaka wafikishe 12. Siku hiyo njoo na risiti na tenga.