Kabla Hujaandika Jina la Bakteria

Wanafunzi wanaoletwa benchi yetu ya mikrobiolojia hapa Nairobi kufanya mazoezi huja na swali lile lile. Wananyooshea sahani kidole: "Madam, hii ni nini?" Nami huwarudishia swali: imekula nini, na baada ya kula imetoa nini? Wengi hukaa kimya. Wamekariri majedwali ya chanya na hasi hadi wanayaota usiku, lakini hawajawahi kuambiwa ndani ya ile tyubu mna nini.

Basi tuanzie hapo. Tyubu nyingi za kibiokemia zina chakula fulani na rangi ya kupimia asidi au alkali. Bakteria mwenye kimeng'enya cha kukivunja chakula hicho atakivunja, na mabaki yake yatageuza rangi. Asiye nacho ataishi kwa kitu kingine, au hataota kabisa. Ukijua chakula ni kipi na rangi inageuka kwa sababu gani, hata tyubu iliyotoka ya ajabu utaielewa. Ukitegemea jedwali peke yake, siku tyubu itakapokataa kufanana na jedwali utabaki umeduwaa.

Hakikisha kwanza una bakteria mmoja. Koloni (kirundo cha bakteria) lililo peke yake kwenye MacConkey, agari yenye laktosi na chumvi za nyongo, linaweza kuwa limekalia wengine waliozuiwa tu na chumvi za nyongo, hawajafa. Gusa juu yake kwa waya mnyoofu, upige mistari upya kwenye agari ya kawaida ya virutubisho, uache usiku mmoja kwenye nyuzi 37. Kesho yake makoloni yote yawe ya sura moja. Yakiwa ya sura mbili, rudia kuyatenganisha, hata kama daktari amepiga simu mara ngapi. Na siku unayojaza tyubu zako, tumia kijiti kile kile kupiga mistari kwenye sahani nyingine ya usafi. Tyubu zikileta mseto usioeleweka, sahani hiyo ndiyo itakayokuambia kama ulichanganya.

Rangi ya Gram haihitaji maneno mengi. Ifanye kabla ya yote, kwa sababu ndiyo inayokuambia uende njia ipi. Duara za zambarau zinakupeleka kwenye katalesi, vijiti vyekundu vinakupeleka kwenye oksidesi.

Katalesi, kimeng'enya kinachovunja haidrojeni peroksaidi, hupimwa kwa peroksaidi ya asilimia 3. Duka la dawa mtaani mara nyingi litakuuzia ile ya "volyumu 20", ambayo ni asilimia 6, kwa hiyo ichanganye nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa. (Ya saluni iache saluni, ina mafuta na manukato.) Chukua koloni kwa kijiti cha mbao, lipake kwenye slaidi, dondoshea tone. Stafilokokasi hutoa mapovu papo hapo. Streptokokasi na enterokokasi hubaki kimya. Ukichukua koloni kutoka agari ya damu, gusa juu juu tu, maana chembe nyekundu za damu zina katalesi yao wenyewe na zitakutolea mapovu ya uongo.

Duara zikiwa za makundi na katalesi chanya, nenda kwenye koaguliesi ya tyubu, kipimo cha kimeng'enya kinachogandisha plazima. Tumia plazima ya sungura yenye EDTA, dawa ya kuizuia isigande yenyewe. Yenye sitreti ina tatizo: bakteria anayekula sitreti, kama enterokokasi, anaweza kuigandisha bila kuwa na koaguliesi. Weka kwenye nyuzi 37, uinamishe tyubu taratibu kila baada ya muda, hadi saa ya nne. Usiitikise. Usisubiri asubuhi ndipo uangalie kwa mara ya kwanza, kwa kuwa baadhi ya Staphylococcus aureus hugandisha kisha huyeyusha bonge lao wenyewe, na ukija kesho utakuta maji na kuandika hasi. Ikiwa bado haijaganda saa ya nne, iache kwenye joto la chumba hadi kesho yake. Mwezi wa Julai jiji hili lina baridi, kwa hiyo zile saa nne za mwanzo tyubu ikae ndani ya inkubeta, siyo juu ya benchi karibu na dirisha.

Oksidesi, kipimo cha kimeng'enya kinachogeuza dawa kuwa zambarau, ndiyo inayowaponza wengi. Dawa yake ikishakuwa ya buluu nzito ndani ya chupa, mwaga. Lowesha karatasi ya chujio, paka koloni kwa kijiti cha mbao au kitanzi cha plastiki, hesabu sekunde kumi. Zambarau iliyokuja ndani ya hizo kumi ni chanya. Iliyokuja baadaye usiihesabu. Waya wa nikeli na kromu hubadilisha dawa wenyewe, hata bila bakteria. Na usichukue koloni kutoka MacConkey au TCBS (agari ya kuoteshea Vibrio), ambako asidi ya sukari iliyochachuka inaweza kuficha oksidesi iliyopo. Pseudomonas na Vibrio ni chanya. Jamii ya E. coli, Klebsiella, Salmonella na Proteus ni hasi. Ndiyo maana kipimo hiki hutangulia: maelezo ya tyubu yanayofuata yanawahusu hao wa oksidesi hasi.

Sasa TSI (Triple Sugar Iron, yaani sukari tatu na chuma), tyubu ninayoipenda kuliko zote. Ina sukari tatu: glukosi kidogo sana, asilimia 0.1, kisha laktosi na sukrosi, asilimia 1 kila moja. Ina peptoni, chumvi ya chuma na thiosalfeti, na rangi ya fenoli nyekundu inayogeuka njano penye asidi. Sehemu ya juu imelazwa mteremko, ipate hewa. Chini kuna kitako kisicho na hewa. Dunga kitako kwa waya mnyoofu, kisha chora mteremko unapotoka. Kifuniko kilegeze. Nasema tena: kilegeze, na nitakuambia sababu.

Chukua bakteria anayekula glukosi tu. Saa za kwanza anaichachusha kote, tyubu nzima inakuwa njano. Glukosi ni kidogo, inaisha. Juu kwenye hewa anaanza kula peptoni na kutoa alkali, mteremko unarudi kuwa mwekundu. Chini hakuna hewa, kitako kinabaki njano. Hiyo ndiyo nyekundu juu, njano chini. Anayekula laktosi au sukrosi ana akiba mara kumi na zaidi, kwa hiyo asidi haiishi mapema na tyubu inabaki njano yote. Ambaye hachachushi sukari yoyote, kama Pseudomonas aeruginosa, huiacha nyekundu.

Utaona sasa kwa nini muda ni kila kitu. Ukiisoma baada ya saa kumi, Salmonella ataonekana njano tupu kama E. coli, maana glukosi haijaisha juu. Ukiisahau mpaka siku ya pili au ya tatu, mla laktosi naye anaweza kumaliza sukari zake na kugeuza mteremko mwekundu. Saa 18 hadi 24, basi. Na kifuniko kilichokazwa kinanyima mteremko hewa, usirudi mwekundu hata muda ukitimia. Nikikuta mwanafunzi ana tyubu za njano mfululizo, naangalia vifuniko kabla sijaangalia bakteria.

Weusi ni salfaidi ya chuma, kutoka kwa wanaotoa haidrojeni salfaidi. Ukifunika kitako chote usiseme umeshindwa kuona rangi. Weusi huo huhitaji asidi, kwa hiyo andika kitako kuwa njano. Gesi utaiona kwa mipasuko ndani ya agari, au agari nzima kuinuliwa kutoka chini.

Tyubu nyingine nitazipitia haraka. Indoli huuliza kama bakteria anavunja triptofani: otesha kwenye maji ya peptoni, tone chache za dawa ya Kovac, duara jekundu juu ni chanya. Sitreti ya Simmons huuliza kama anaweza kuishi kwa sitreti peke yake bila chakula kingine cha kaboni; ya kijani inageuka buluu. Hapa weka bakteria kidogo mno, mguso wa waya tu, kwa sababu bonge kubwa hubeba chakula chake kutoka sahani ya zamani. Urea ya Christensen hugeuka waridi kali amonia ikitoka. Chombo cha kujongea ni agari laini unayoidunga mara moja katikati: ukungu ukitapakaa kutoka kwenye mstari, anatembea. Metili nyekundu (huuliza kama anatoa asidi nyingi) na VP (Voges-Proskauer, huuliza kama anatoa asetoini) hutoka kwenye mchuzi mmoja uliogawanywa. Kwa VP, mililita 1 ya mchuzi hupewa kwanza alfa-naftoli mililita 0.6, kisha haidroksaidi ya potasiamu mililita 0.2, kwa mfuatano huo, halafu utikise ipate hewa na usubiri dakika 15 au zaidi kidogo. E. coli ni metili chanya na VP hasi; Klebsiella pneumoniae kwa kawaida ni kinyume chake.

Nikuonyeshe tyubu zinavyosomwa pamoja. Choo cha mgonjwa mwenye homa kimeotesha koloni jeupe lisilokula laktosi kwenye MacConkey. Oksidesi hasi. Asubuhi TSI ni nyekundu juu, njano chini, nyeusi katikati. Mwanafunzi anachangamka: Salmonella! Tulia. Proteus mirabilis naye hutoa picha hiyo hiyo, na hupenda kujificha ndani ya choo. Angalia urea. Proteus huigeuza waridi ndani ya saa chache. Salmonella huiacha ilivyokuwa. Kama una agari ya damu, tazama pia kama imefunikwa na mawimbi kutoka katikati kwenda nje. Huo ni mwendo wa Proteus.

Urea ikiwa hasi, endelea. Lisini chanya (anaivunja asidi amino hiyo), sitreti chanya, gesi ipo, weusi mwingi: uko kwenye Salmonella zisizo za taifodi. Ila Salmonella Typhi, mwenye kuleta taifodi, ana tabia zake. Hatoi gesi, sitreti hasi, na weusi wake ni kidogo sana, mara nyingi mstari mwembamba kama masharubu pale mteremko unapokutana na kitako. Asiyemjua humtupa kama Shigella, bakteria wa kuhara damu. Shigella hajongei na lisini yake ni hasi, Typhi anajongea na lisini ni chanya. Hizo mbili zinatosha kuwatenganisha. Kisha antisera, dawa zenye kingamwili zinazomgandisha bakteria mwenye alama husika mwilini mwake: O9, Vi na H ya d. Vi ikimfunika O asigande, chemsha mchanganyiko wa bakteria kisha ujaribu tena. Jiji lenye watu wanaotibiwa taifodi kwa Widal, kipimo cha kingamwili za damu, peke yake lastahili kupata jibu la kuotesha linaloaminika.

Kuna jambo la Nairobi ambalo vitabu vilivyoandikwa pwani ya bahari haviwaambii. Tuko juu, karibu mita 1,700. Maji huchemka karibu na nyuzi 94. Otoklevu, chungu cha mvuke cha kuua vijidudu, inayosomeka pauni 15 kwenye geji, kwa urefu huu, haijafika nyuzi 121; iko karibu na 118. Fuata kipimajoto, au panda hadi karibu pauni 18, na weka utepe wa kuthibitisha kila mzigo. Agari isiyosafishwa vizuri itakuotea bakteria ambao mgonjwa hajawahi kuwa nao. Na stima ikipotea usiku, usihesabu saa za inkubeta kama hakuna kilichotokea. Andika ilipotea saa ngapi na ilirudi saa ngapi, na tyubu za TSI zilizopoa kati uzirudie.

Kila chupa mpya ya dawa na kila mfululizo mpya wa agari upewe kontroli mbili, yaani bakteria wanaojulikana, mmoja chanya na mmoja hasi. E. coli ATCC 25922 (namba ya hazina ya bakteria ya Marekani) kwa indoli chanya, Klebsiella kwa hasi. Sitreti ni kinyume. Pseudomonas aeruginosa ATCC 27853 kwa oksidesi chanya. Kontroli zikikosea, hakuna jibu la mgonjwa linalotoka benchi hiyo siku hiyo. Wenzangu wengine huona ni kupoteza vifaa. Mimi huona bei ya chupa moja ya Kovac ni ndogo kuliko antibaiotiki isiyofaa.

Jambo la mwisho ni la usalama, na hapa huwa mkali. Usinuse sahani. Najua Pseudomonas ananukia zabibu na wazee wa zamani walifundishwa hivyo. Lakini chupa ya damu ya mgonjwa uliyootesha ikichelewa kuonyesha bakteria, ukaona vijiti vifupi mno vya Gram hasi, vidogo kama vumbi, oksidesi chanya na urea ikiwaka haraka, usiweke tyubu nyingine hata moja. Hiyo inaweza kuwa Brucella, bakteria wa mifugo anayeambukiza hata kwa kuvutwa puani, na nchi yenye wafugaji wengi na maziwa mabichi haikosi wagonjwa wake. Funga sahani kwa utepe, peleka ndani ya kabati la usalama, mwite msimamizi, na umuulize daktari kuhusu maziwa na mifugo. Vifaa vya tyubu ndogo vya kupima kwa pamoja vimewahi kumpa Brucella jina la bakteria mwingine, kwa hiyo sampuli hiyo iende kwenye maabara ya rufaa.

Kwenye ripoti andika unachoweza kukitetea. Tyubu zikikubaliana na antisera bado, andika "Salmonella, spishi haijathibitishwa", weka tarehe, weka herufi za jina lako, na umpigie daktari wewe mwenyewe.