Namba ya kifodi itakuambia kama fokasi inafuata

Ukitaka kununua kamera ya mtumba hapa Arusha, usiijaribu fokasi (jinsi lenzi inavyotafuta ukali wa picha) kwa kumpiga picha muuzaji aliyesimama. Toka naye hadi pembeni mwa Barabara ya Sokoine, weka AF-C, yaani fokasi inayofuata kitu kinachosogea (kwa Canon ni Servo), fungua tundu la lenzi mpaka mwisho, shata sekunde 1/1000 au kasi zaidi, kisha piga picha mfululizo za kifodi (daladala) kinachokuja usawa wako. Halafu kuza picha moja moja uisome namba ya gari. Ikiwa kali mbali kisha inafifia gari linavyokaribia, fokasi inachelewa. Picha moja mbovu katikati si neno, ila tatu nne zikifuatana, shusha bei au ondoka. Gari linalopita ubavuni halipimi sana, kwani umbali wake hadi kwako haubadiliki kwa kasi. Linalokujia, kadiri linavyosogea ndivyo lenzi inavyolazimika kukimbia. Usijaribu saa saba mchana: joto la lami huichezesha namba hata kamera ikiwa nzima. Na muuzaji akikuwekea f/11, yaani tundu dogo la lenzi, mwambie alifungue tena; hapo hata fokasi iliyokosea kidogo huonekana safi.