Kusomea Bahari Ukilala Umoja

Nimezaliwa Nairobi, nimelelewa Nairobi, na bahari niliiona mara ya kwanza nikiwa na miaka 22. Leo kazi yangu ni kuhesabu kaa, konokono na majani ya bahari kule Gazi, Kwale, na kodi bado nalipa Umoja, mtaa wa Nairobi. Wanafunzi hunishika njiani: "Madam, hii kazi naingiaje na mimi niko huku?" Haya, sikilizeni.

Anza na mwezi. Tafuta kalenda yenye tarehe za Kiislamu, Eastleigh zimejaa, uitundike pale unapoamka. Safari yangu ya kwanza niliipanga kwa likizo ya chuo. Nikapanda basi la usiku, nikavuka Likoni kwa feri, nikateremka kusini kilomita kama 50 hadi Gazi. Asubuhi nikangoja maji yatoke. Yakatoka kidogo, yakasimama magotini. Majani niliyokuja kuyahesabu hayakufunuka siku ile, wala ya pili, wala ya tatu, na chumba nakilipia. Mzee mmoja mvuvi akanitazama na kamba zangu za kupimia akasema, "Mwanangu, umekuja na maji mafu. Nenda, urudi mwezi ukiandama."

Alinisomesha kuliko muhula mzima wa chuo. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, jua na mwezi huvuta bahari kwa pamoja, na siku moja au mbili baadaye ndiyo bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti inapita mita 3. Wakati huo pwani yetu hupwa mwendo wa saa nne asubuhi, kisha kila siku huchelewa kama dakika 50. Una siku nne au tano, na saa mbili au tatu za kazi kila siku. Basi. Likizo, harusi za binamu, vikao vya ofisi, vyote vipange kando ya hizo siku.

Vifaa usinunue vya bei. Fremu yangu ya kwanza, mraba wa nusu mita kwa nusu mita unaoulaza chini na kuhesabu vilivyo ndani yake, nilichomewa kwa chuma Kamukunji. Fundi hana kosa, kosa langu: chumvi iliila haraka, na kila makanga alinitoza kama mzigo. Sasa natumia bomba la plastiki la nusu inchi, vipande vinne na kona nne. Usigundishe, ili vifunguke viingie begini. Halafu toboa matundu pande zote. Usipotoboa, hewa inabaki ndani, fremu inaelea, nawe unaikimbiza majini watoto wakikucheka. Andika kwa penseli, kwa sababu wino huyeyuka.

Vibali navyo havina utamu, nitapita haraka. Kibali cha utafiti ni cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Ukiingia hifadhi ya baharini, KWS, shirika la wanyamapori. Ukigusa mikoko, Huduma ya Misitu. Ukifika kijijini piga hodi kwa chifu na kwa viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, kabla hujalowesha mguu.

Jifunze majina ya pale pale. Huku bara kila mti wa majini tunauita mkoko. Kenya ina aina 9, na mtu wa Gazi atakutenganishia mkoko, mchu, mkandaa, muia na mlilana akiwa mbali. Hilo si pambo. Miti mingi hupimwa unene mita 1.3 kutoka chini, lakini mkoko wenyewe husimama juu ya mizizi kama magoti, kwa hiyo unapima sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Ukichanganya aina, hesabu yote ya kaboni iliyohifadhiwa na miti imeharibika, na Gazi kaboni ni pesa: mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza 2013, huuza hati za kaboni ya hekta 117 za mikoko, mapato yakaingia kwenye maji na shule.

Na tafadhali, msiniletee pomboo. Kila mtu anataka pomboo na kasa. Pomboo atakumalizia mafuta ya boti na usimwone. Konokono wa matope anakungoja, na wale wakubwa hula majani ya mikoko yaliyoanguka. Hapo tayari una swali la shahada nzima.

Matope ya sampuli yafunge mifuko miwili miwili, kila mmoja na karatasi ya penseli ndani, kwa sababu maandishi ya nje hufutika. Yananuka kama mayai viza. Kituo cha treni cha Miritini, Mombasa, niliwahi kufunguliwa begi mbele ya foleni nzima. "Dada, haya matope unayapeleka wapi?" Nairobi, nikasema. "Kwani Nairobi hakuna matope?" Tangu siku hiyo nakala ya kibali huiweka juu kabisa ya begi, kabla hata ya nguo.