Piga picha za shamba lako mpaka mgeni atamani kuja

Mtu anayetafuta shamba la kutembelea hajui njia ya kwako na wala hajawahi kukusikia, anachoona ni picha tu, na kwa picha hizo hizo ndo anaamua akupigie simu au apite zake. Kwa hiyo hii kazi ifanye kwa moyo, na simu uliyonayo inatosha.

Kwanza futa lenzi. Simu ya mtu wa shamba inashika vumbi na mafuta ya vidole, picha inatoka na ukungu afu lawama zinaenda kwa simu.

Halafu mwanga, hapa ndo penye kazi yenyewe. Lile saa la kwanza baada ya jua kuchomoza na la mwisho kabla halijazama, mwanga unapiga kwa ubavuni, ni laini, una rangi ya dhahabu, majani yanaonekana yana uhai. Jua la utosini linaharibu, watu wanakunja sura, chini ya kofia giza tupu. Ukilazimika kupiga mchana peleka bidhaa kivulini au karibu na dirisha, zima flashi, na upande ule usio na dirisha simamisha karatasi nyeupe irudishe mwanga, yani utashangaa asali au jibini inavyopendeza. Siku ya mawingu pia usiidharau, wingu linalainisha jua. Na kama anga limekuwa jeupe pee, gusa kioo pale penye anga afu punguza mwanga kidogo.

Zumu achana nayo, simu nyingi zinakata picha na kuikuza tu, sogea kwa miguu.

Sasa upige nini? Wengi wanaweka mandhari kumi hazina hata mtu mmoja, wakati mgeni anataka ajione yuko hapo: mikono inachuma matunda, mtu anakamua maziwa, watu wanapita katikati ya mimea (omba ruhusa kwanza, na kwa mtoto muulize mzazi). Piga pia vile vinavyompa wasiwasi, kitanda, bafu, choo, sehemu ya kupaki gari. Kwa maoni yangu picha ya choo kisafi inashinda ya machweo, maana mwenye familia hilo ndo swali lake la kwanza.

Kwenye kuediti nyoosha picha, ongeza mwanga kidogo, basi. Usikoleze rangi mpaka majani yawe kama plastiki, na picha ya msimu wa mavuno iandikie mwezi, mtu asije akakuta shamba tupu akajiona katapeliwa.

WhatsApp inabana picha, kwa hiyo ukimtumia mtu anayekuchapia mabango itume kama dokumenti. Ukiweka picha za shamba kwenye Google Maps, inataka faili la aina ya JPG au PNG lisilozidi MB 5, pikseli 720 kwa 720 zinafaa. Hapo usisahau kuweka picha ya lango na ya pale njia inapochepuka, mgeni akiwa barabarani hizo ndo atakazozitafuta.